Baba Yuko Mwaka wa Kwanza

Bweni la Wanaume
9 Septemba

Mwanangu mpenzi,

Kwanza nakusalimu, pili nakuuliza hali, tatu nakuomba usicheke. Mimi ni mzima. Mgongo nao ni mzima kwa kadiri yake. Umelalamika njia nzima kwenye basi, ila tangu nipewe godoro umenyamaza.

Juzi nilipofika getini na begi langu, mlinzi akaniamkia kwa heshima zote. "Shikamoo mzee. Wazazi wanapita upande wa kulia. Mwanao ameshaandikishwa?" Nikamwambia mwanangu yuko nyumbani anauza rangi, mwanafunzi ni mimi. Akaitazama barua yangu ya kuitwa chuoni, akanitazama mimi, akaitazama barua tena. "Basi pita, mwanafunzi," akasema. Nilipokuwa nimeshapita akaniita nyuma: "Shikamoo!" Ya pili hiyo, kwa usalama.

Chumbani tuko wanne, vitanda vya kupandana. Nimepewa cha chini kwa sababu ya umri. Juu yangu analala kijana mmoja wanayemwita Mbunge, maana hata akiomba chumvi anaanza na "ndugu zangu wananchi". Mimi wameshanibatiza: Babu. Miaka arobaini na tisa, naitwa Babu! Bwaloni wanataka nitangulie kwenye foleni. Nimekataa. Nikikubali leo kutangulia, kesho watanibebea vitabu, na kesho kutwa watanibeba mimi.

Unajua daktari aliponikataza usukani nilidhani maisha yangu yameishia pale, kando ya lile lori. Sasa nina ratiba ukutani, nina kalamu tatu, na Jumatatu naanza masomo ya ualimu. Moyo unanidunda kama wa bwana harusi.

Nakuandikia barua badala ya kukupigia kwa sababu nakujua. Kwenye simu unasema "niko poa Baba" halafu unakata. Karatasi lazima uijaze.

Kuna neno jingine nilitaka kusema, ila nimelimeza. Unalijua.

Ni mimi,
Baba yako mwanafunzi


20 Septemba

Baba yangu mwanafunzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na mgongo haujambo, na Mbunge hajambo huko juu. Mimi niko poa. (Usinikasirikie, naendelea kuandika.)

Nimecheka. Samahani. Nimecheka dukani mpaka bosi akaja kuuliza kama kuna kopo la rangi limemwagika.

Kwa kuwa sasa mimi ndiye mwenye mtoto chuoni, nisikilize. Usimwazime mtu ndala zako, hutaziona tena. Usile mkate mkavu ukasema umekula. Ukifua, kaa karibu na kamba mpaka nguo zikauke. Na usijifanye umeelewa darasani kama unavyojifanya umesikia ninapokwambia jambo ukiwa unasikiliza redio. Nyoosha mkono, uliza.

Huku hakuna jipya. Leo kuna mama mmoja ametaka rangi "ya maziwa, lakini si nyeupe, wala si ya krimu, ni ya maziwa yaliyotulia". Nimechanganya mara nne. Ya nne akasema ndiyo hiyo hiyo. Baba, ilikuwa ile ile ya kwanza, nilikuwa nimeificha tu nyuma ya kaunta.

Nyumba inapiga mwangwi usipokuwepo. Nimehamishia redio yako chumbani kwangu, inaongea hata nisipoisikiliza. Nimeanza kukuelewa.

Kuhusu lile neno ulilolimeza: liache lishuke, likae huko huko tumboni. Nina kazi yangu, sina njaa, sina shida na mtu. Shule iliniacha nami nikaiacha, tuko sawa.

Kula vizuri.

Binti yako


17 Oktoba

Mwanangu,

Salamu kutoka chumba chetu chote. Hujambo? Dukani hawajambo? Mimi afya ninayo, ila kingine chochote usiniulize.

Nikwambie ukweli. Mambo ya malezi ya mtoto nayaelewa, saikolojia naielewa, lugha ndiyo usiseme, juzi mkufunzi alinisomesha insha yangu mbele ya darasa. Lakini hisabati imenitia mtaroni, magurudumu yote manne juu. Tumefanya jaribio la kwanza na matokeo yamebandikwa kwenye ubao wa matangazo, mbele ya bwalo, mahali ambapo hata anayepita kwenda kuchota maji lazima asome. Nimepata kumi na moja. Si kati ya ishirini. Kati ya mia.

Mkufunzi wetu wa hisabati ni mwanamke kijana, labda anakuzidi wewe miaka saba. Tunamwita Madamu. Hana dharau hata chembe, na hilo ndilo linaloniumiza. Aliniita pembeni akasema, "Baba, mwalimu wa msingi anafundisha kila somo. Usipofaulu hisabati mwisho wa muhula huu, hutaruhusiwa kuendelea." Nikamjibu "Ndiyo Madamu" huku natazama viatu vyangu.

Hebu ona swali lenyewe. Baba ana umri mara tatu ya umri wa mwanawe. Baada ya miaka kumi na miwili, baba atakuwa na umri mara mbili ya mwanawe. Mtoto ana miaka mingapi sasa? Mimi nimehangaika na hizo x mpaka nikapata jibu: mtoto ana kutoa kumi na mbili. Yaani hata hajazaliwa, bado miaka kumi na miwili! Mbunge alicheka mpaka akashuka kitandani. Nami nilicheka naye, halafu nikaenda kukaa nje peke yangu.

Mwanangu, nafikiria kurudi. Si kwa hasira. Nawaza tu kwamba huenda kuna umri ambao kichwa nacho, kama mgongo, daktari angekikataza. Naweza kupata kazi ya ulinzi kwenye ghala hapo nyumbani, nikawa karibu nawe. Usimwambie mtu.

Baba yako


26 Oktoba

Baba,

Shikamoo, na salamu nyingine nimezipunguza kwa sababu nimekasirika.

Urudi kufanya nini? Ulinzi, na mgongo ule? Mwizi akija utamwambia asubiri unyooke? Wewe ndiye uliyeniaga pale stendi umevaa shati jipya, ukapunga mkono dirishani mpaka basi likakata kona. Sitaki kukuona unashuka kwenye basi hilo hilo mwezi wa kumi.

Sasa chukua kalamu. Moja kati ya zile tatu.

X si mdudu, Baba. X ni mtu ambaye hujaambiwa jina lake. Unamwita "yule" mpaka atakapojitambulisha, basi. Mtoto ni yule. Baba yake ni yule mara tatu. Mpaka hapo ulikwenda vizuri. Kisha inapita miaka kumi na miwili, na hapa ndipo ulipokosea: ulimzeesha baba peke yake, mtoto ukamwacha pale pale. Miaka inawapitia wote wawili! Baba anakuwa yule mara tatu na kumi na mbili. Mtoto anakuwa yule na kumi na mbili. Ndipo unasema baba ni mara mbili ya huyo mtoto aliyekwisha kukua, si ya yule wa zamani. Piga sasa. Mtoto ana kumi na mbili, baba thelathini na sita. Miaka kumi na miwili ikipita ni ishirini na nne na arobaini na nane. Umeona?

Nimekuwekea mengine matano nyuma ya karatasi. Nitumie majibu, na hatua zake zote. Ukinitumia jibu bila hatua nitajua ni la Mbunge.

Usirudi.

Binti yako


20 Novemba

Mwalimu wangu,

Hujambo? Za kazi? Mimi sijambo, tena leo nimekula sahani mbili.

Jaribio la pili, hamsini na nne! Imebandikwa pale pale ubaoni. Nimepita mbele yake mara kadhaa kama mtu aliyepoteza kitu. Mlinzi wa getini alikuja kwa makusudi kunishika mkono.

Sasa nikupe habari za huku. Barua zako hazisomwi na mimi peke yangu. Mbunge alichukua ile ya kwanza ya hesabu kwa siri, akafanya maswali yako matano, na mawili akakosa. Siku hizi bahasha yako ikifika chumba kizima kinakaa kitako, na wawili wa chumba cha jirani wanaleta viti vyao. Mbunge anaisoma kwa sauti, kila hatua anasema "ndugu zangu wananchi, miaka inawapitia wote wawili!"

Jana Madamu alisahihisha daftari langu akakuta nimeandika "mtoto ni yule". Akauliza, nani kanifundisha hivi? Nikasema binti yangu. Akafurahi sana. "Anasoma wapi?" Mwanangu, darasa zima lilikuwa linanisikiliza. Nikasema yuko nyumbani. Akasema, "Mwambie namsalimu." Basi, anakusalimu.

Nakuja Desemba. Nitaleta maswali na nguo chafu.

Baba yako


14 Januari

Mwanangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima kama nilivyokuacha. Nimefika salama. Mtihani wa muhula nimefaulu, naendelea, na Madamu amenipigia makofi ya vidole viwili kama wanavyofanya watu wenye adabu.

Likizo ilikuwa tamu. Nilifurahi tulivyokaa mezani na madaftari yangu, wewe ukinigongea kalamu kichwani. Uso wako ukiwa kwenye hesabu unafanana na wa mama yako akitunga uzi kwenye sindano.

Sasa nina jambo la kukueleza, na naomba ulisome mpaka mwisho. Kabla sijaondoka nilipita shuleni kwenu. Mwalimu mkuu bado yule yule, anakukumbuka. Amesema unaweza kuufanya mtihani wa mwisho wa sekondari kama mtahiniwa wa kujitegemea, Novemba hii, bila kuacha kazi. Mwanangu, nimekuandikisha. Jina lako liko pale. Ulichobakiza ni kwenda kutia sahihi.

Najua ulisema niliache lile neno. Lakini mimi niko hapa kila siku na watoto wa umri wako, nawaona wanakimbilia darasani na mswaki mdomoni, wanagombania vitabu maktaba, wanalala kwenye nyasi wakiulizana watakuwa nani. Kila nikiwatazama nakuona wewe nyuma ya ile kaunta. Ningefanyaje?

Nijibu upesi.

Baba yako


11 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Nadhani barua yangu ya Januari imepotea njiani, posta ya hapa ina mambo yake. Nimekupigia, simu inaita tu. Bosi wako kaniambia uko kazini kama kawaida na umeomba usiitwe.

Basi haikupotea.

Huku tumeanza vipimo vya ujazo. Mbunge anauliza bahasha iko wapi. Nimemwambia mwalimu yuko likizo.

Baba yako


4 Machi

Mwanangu, mama,

Sitaki jibu la swali lolote. Niandikie mstari mmoja tu kwamba u mzima.

Baba


15 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Nisamehe kukuweka roho juu.

Nilikwenda shuleni wiki ile ile niliyopata barua yako, nikamwambia karani alifute jina. Amelifuta. Nataka ulisikie kwangu.

Nimeanza barua hii nikaichana, nikaianza tena. Kuna kitu hukijui, na si kosa lako, maana hakuna mtu niliyemwambia. Wewe siku zile ulikuwa njiani na lori, ulifika tukiwa tumeshaanza msiba wa Mama. Watu walikwambia sikufanya mitihani kwa sababu ya kuuguza, nawe ukaamini, nami nikaacha iwe hivyo.

Mtihani mmoja niliufanya. Wa hisabati.

Ulikuwa Jumatano asubuhi. Nilimwambia Mama siendi, nitakaa naye. Unaikumbuka sauti yake ilivyokuwa imebaki nyembamba. Akanishika hapa kwenye kifundo cha mkono akasema, "Nenda kafanye, kisha uje unihadithie." Nikabisha. Akasema, "Nenda. Mimi siendi popote." Akanifukuza kwa macho, kama alivyokuwa akinifukuza jikoni nikimwibia vipande vya nyama.

Nikaenda. Na Baba, ulikuwa mtihani mzuri. Swali la mwisho lilikuwa gumu, nikalizunguka, nikalizunguka, mara likafunguka lote kwa pamoja. Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniua. Nilifurahi mpaka nikawa natabasamu peke yangu mle chumbani, na nimekuja kupiga hesabu baadaye: ulikuwa wakati huo huo. Nilikimbia kutoka shuleni mpaka hospitali na sare yangu na rula mkononi. Njiani nilikuwa napanga nitaanzia wapi kumhadithia. Nikafika. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka safi. Nesi akanishika bega, mimi nikamuuliza wamempeleka wodi gani.

Mitihani iliyobaki sikuikanyagia mguu.

Tangu siku hiyo, nikishika hesabu ya kweli, si ya makopo ya rangi, mwisho wake nafika kwenye kile kitanda. Ndiyo maana niliacha. Si uvivu, wala si ukaidi. Halafu ukaja wewe na mtoto wako wa kutoa kumi na mbili. Nilicheka, nikachukua kalamu kukusaidia tu, na nilipomaliza nikajikuta natabasamu vile vile kama siku ile. Nikajichukia. Lakini ilipokuja barua nyingine niliifungua mbio mbio.

Sijui nisemeje zaidi. Usiniamulie, Baba. Hilo tu.

Binti yako


23 Machi

Mwanangu, mama yangu,

Sina salamu za kutosha barua hii.

Nimeisoma yako nikiwa maktaba. Mbunge alikuwa mbele yangu, akaniona, akafunga kitabu chake, akahamia meza nyingine. Sikujua kama yule kijana anaweza kunyamaza.

Nisamehe kwa kukuandikisha. Nilikuona mtu wa kusukumwa, kumbe ulikuwa umebeba mzigo, na mimi dereva mzima sikuuliza umebeba nini. Sitalirudia hilo neno mpaka ulirudie wewe mwenyewe, na usiporudia, basi. Utabaki kuwa binti yangu muuza rangi na nitaringa nawe vile vile.

Ila kuna kitu kimoja lazima nikiseme, kisha nitanyamaza.

Mwanangu, hukuondoka pale kitandani. Ulitumwa. Hayo ni mambo mawili. Mama yako nimekaa naye miaka ishirini na mbili, na hakuna mtu aliyewahi kumfanya aseme asilolitaka. Kama angetaka ukae, angekuambia kaa. Alikutuma, ukaenda, ukaifanya kazi aliyokutuma, tena ukaifanya kwa furaha. Mtoto anayetumwa hajamwacha aliyemtuma. Na ile furaha yako ya mle chumbani, usiione aibu. Nadhani ndiyo hasa aliyokutuma uende kuichukua.

Huenda nimekosea. Mimi ni mwanafunzi tu.

Nakula vizuri. Usinijibu mpaka utake.

Baba yako


8 Juni

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Mgongo, vipimo vya ujazo, Mbunge na wananchi wake, wote hawajambo? Mimi sijambo. Safari hii ni kweli.

Mwezi uliopita, kabla hawajafunga kuandikisha, nilikwenda tena shuleni. Karani aliponiona akavua miwani. "Wewe. Leo unaandika au unafuta?" Nikamwambia naandika. Akasema, "Kwa kalamu ya wino basi, nimechoka." Nimeandika kwa mkono wangu, masomo yote. Sikukuambia mapema kwa sababu nilitaka kwanza nione kama nitaamka kesho yake na kujuta. Nimeamka siku nyingi sasa.

Jioni nasoma na wenzangu wanne kwenye darasa moja pale shuleni. Mmoja ni askari, mmoja ana mtoto mchanga anayekuja naye na kumlaza juu ya meza ya mwalimu. Bosi amekubali nitoke mapema, ila amenung'unika wiki nzima ili nijue ni msaada.

Umewahi kuniuliza ningependa kuwa nani, nikakujibu "mtu". Sasa nakujibu vizuri. Kila siku wanakuja dukani watu wanaojenga, wananiuliza wanunue makopo mangapi, saruji mifuko mingapi, na fundi kawatajia hesabu ya kubahatisha. Kuna watu wanaosomea kazi hiyo chuoni, kukadiria jengo zima kabla halijaanza. Miaka minne. Nataka hiyo. Si ualimu, usikasirike. Ualimu nimeshaufanya kwa barua na mwanafunzi wangu alinitesa.

Niambie mambo ya chuo. Si yale ya kuchekesha tu. Je, mtu akiwa hana rafiki wiki ya kwanza, anakaa wapi kula? Maktaba mtu anaruhusiwa kukaa mpaka saa ngapi? Na ukiwa mkubwa kuliko wenzako, inauma?

Hesabu bado inanipeleka pale kitandani siku nyingine. Nikifika, nakaa kidogo, halafu narudi kwenye swali.

Binti yako


2 Agosti

Mwanangu mpenzi,

Nimepokea yako nikaisoma mpaka mikunjo yake ikachanika. Hatujambo sote. Mbunge ameshindwa uchaguzi wa wanafunzi na anasema ameibiwa kura, ingawa mimi mwenyewe sikumpigia.

Majibu yako ni haya. Wiki ya kwanza ukiwa huna rafiki, kaa meza iliyo karibu na mlango wa jikoni, kwa sababu wapishi watakuzungumzisha hata usipotaka. Maktaba wanakaa mpaka wanapozima taa, na mchana utajifunza kusogea dirisha hadi dirisha ukifuata mwanga. Na kuwa mkubwa kuliko wengine, ndiyo, inauma. Inauma kama viatu vipya. Mwezi wa pili utashangaa vimelegea lini.

Huo ukadiriaji wako wa majengo nimemuuliza Madamu. Anasema wanataka hisabati ya juu na watu wasiopenda kudanganywa. Nikamwambia hapo wamepata.

Mimi Oktoba natumwa mazoezi ya kufundisha, shule ya msingi si mbali na hapa, darasa la nne. Nitafundisha hata hisabati. Usiku huu nimeota nimesimama mbele ya watoto sina chaki.

Sitakupigia siku ya mtihani. Nataka, lakini sitapiga.

Baba yako


12 Novemba

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nimekaa kwenye ngazi za posta, karatasi iko gotini, kwa hiyo usiangalie mwandiko.

Leo ilikuwa hisabati.

Asubuhi miguu ilikataa. Nilifika getini nikageuka, nikafika dukani, bosi akanitazama, akanifungia mlango kwa ndani! Nimesimama nje nagonga kama mteja. Akasema kupitia kioo, "Leo hatukuuzii rangi. Nenda." Nikarudi mbio. Yule mwenye mtoto mchanga alikuwa ananingoja mlangoni, tukaingia pamoja.

Swali la kwanza rahisi. La pili rahisi. La tano nilidhani nimekosea, nikalifuta, kumbe lilikuwa sawa, nikaliandika tena. Karibu na mwisho kulikuwa na tangi la maji lenye umbo la ajabu, juu mche duara, chini nusu tufe, unaambiwa utafute kina. Baba, nililikata vipande viwili kichwani, nikalitazama, nikalizunguka, na likafunguka. Nikasikia ile furaha inakuja. Niliiogopa. Kisha nikaiacha ije. Nimekaa nayo mle ndani mpaka waliposema tuweke kalamu chini, na sikuiomba radhi.

Nilipotoka miguu ikaanza kukimbia yenyewe. Nimepita njia ya hospitali. Nimesimama pale nje kidogo, nimelia kidogo, si sana. Halafu nikaendelea kukimbia mpaka hapa, nikanunua karatasi na bahasha.

Nimefanya vizuri, Baba. Matokeo sijui, watatoa watakapotoa, na maombi ya chuo yatafuata. Lakini nimefanya vizuri, na ilibidi nimhadithie mtu.

Binti yako


16 Novemba

Mwanangu,

Mbunge ameniletea barua yako mpaka hapa shuleni ninapofanya mazoezi, ametembea na jua lote. Amenikuta kati ya kipindi na kipindi, nimejaa vumbi la chaki. Nimekaa kwenye kiti kidogo cha mtoto wa darasa la nne, magoti yakanifika kidevuni, nikaisoma. Watoto wakarudi kutoka nje wakaniuliza, "Mwalimu, unalia?" Nikawaambia nimeletewa habari njema, wakaniuliza habari gani, nikawaambia kuna tangi la maji, juu mche duara, chini nusu tufe. Hawakuelewa, ila wamepiga makofi.

Nimesikia yote, mwanangu. Nimekusikia.

Mkuu wa shule amenipa ruhusa ya mwisho wa juma. Nafika Jumamosi kwa basi la asubuhi. Usipike, usifagie, usifanye lolote. Bandika chai tu, ukae, na uanzie swali la kwanza. Mimi sina haraka.

Baba yako